Neno Moja kwa Nyumba Nzima

Nesi aliingia dukani kwa mama yake saa tano asubuhi, sare ya hospitali bado mwilini, na Mama Sare akajua kabla ya salamu kwamba kuna jambo. Binti yake huyo wa kwanza hakuwa mtu wa kutoroka zamu. Mama Sare aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akaichomoa sketi ya shule aliyokuwa akiipiga pindo, akaiweka pembeni.

"Kitinda yuko mzima?"

"Mzima. Soma hii."

Ilikuwa meseji, picha yake imepigwa kutoka kwenye simu ya Kitinda. Haikuwa na jina la aliyetuma, na halikuhitajika. *Gauni la kijani limekukaa vizuri. Mama amekukata kiuno kama ulivyokuwa zamani.*

Mama Sare aliisoma mara mbili. Gauni lile alilishona mwenyewe wiki iliyopita, akalipeleka kwa mkono wake hadi kwenye chumba cha nyuma ya duka la mikate, mahali Kitinda, binti yake wa mwisho, alipojificha tangu amkimbie mumewe akiwa na ufa kwenye mtulinga, mfupa wa begani. Chumba hicho kilikuwa cha rafiki yake Nesi. Mume hakukijua. Hata laini ya simu ilikuwa mpya.

"Namba hii tunaijua wangapi, mama?"

"Wewe, mimi, na mwenyewe."

"Na gauni nani ameliona?"

"Sisi watatu."

Wakatazamana. Ndani ya duka dogo lile, katikati ya marobota ya kitambaa cha bluu, mama na mwana walipimana kama watu wasiojuana. Nesi ndiye aliyeanza. "Mama, wewe na mkwe wako bado mnazungumza?"

"Unaniuliza mimi niliyemzaa Kitinda?"

"Nauliza tu."

"Alikuja hapa siku ile ya kwanza, akapiga shikamoo, akalia machozi, nikamwambia sijui alipo mkewe. Tangu hapo sijamwona. Na wewe je? Siye huyo uliyekuwa ukimwita shemeji wa taifa?"

Lilimchoma Nesi, likaonekana usoni. Akashusha pumzi. "Basi niambie jambo moja. Neno la siri la simu yako ni lilelile?"

Mama Sare akacheka kwa hasira. "Tumefika huko tena!"

Walikuwa wamefika huko mara nyingi. Marehemu mumewe, kwa mwendo wake wa polepole, mtaa mzima ulimwita Kobe, na alizaliwa mwaka hamsini na nne. Kompyuta ya kwanza ilipoingia nyumbani, yeye mwenyewe ndiye aliyechagua: Kobe1954. Watoto wakarithi. Barua pepe, simu, masomo, benki, kila kufuli la nyumba ile lilifunguliwa na Kobe. Kufuli lilipodai alama ya ziada, waliongeza alama ya mshangao, wakaona wamejenga ukuta wa mawe. Nesi alipofundishwa kazini hatari ya mambo hayo, alirudi nyumbani kuhubiri, na mama yake akamjibu kwamba yeye hana siri zaidi ya bei ya vifungo.

"Mama, libadilishe. Leo."

"Nimfute baba yenu?"

"Siyo kumfuta."

"Ni nini basi? Kila asubuhi naliandika jina lake. Sina kaburi karibu la kwenda kupalilia. Nina hilo." Akairudisha sketi chini ya sindano. "Ukitaka mwenye mdomo, mtafute kwingine. Simu haina mdomo."

Nesi aliondoka bila kuaga.

Alasiri ile Mama Sare alifunga duka mapema, akafungasha chakula kwenye kibakuli cha mfuniko, akaenda nyuma ya duka la mikate. Njia nzima alikuwa akigeuka nyuma. Mwanamume aliyeinama kufunga kamba za viatu alimfanya avuke barabara. Gari lililosimama na injini ikiunguruma lilimfanya aingie duka la dawa na kuulizia bei ya kitu asichokihitaji. Hakuwahi kuogopa mitaa hii. Sehemu kubwa ya watoto waliokuwa wakipita walivaa mshono wake.

Alibisha mara tatu, kama walivyokubaliana. Halafu sauti ya Kitinda, karibu kabisa na ubao wa mlango.

"Mama, umekuja na nani?"

"Peke yangu. Fungua."

"Simu umekuja nayo?"

"Ninayo mkobani. Kwa nini?"

Kitasa hakikuzunguka. Mama Sare alisikia pumzi ya mwanawe upande wa pili, fupi fupi, kama ya mtu aliyekimbia.

"Ameandika tena," Kitinda alisema. "Ameniuliza kama bega linauma nikilalia kushoto. Mama, hilo nililikwambia wewe. Wewe tu."

"Nami nilimwandikia dada yako akuletee dawa! Mwanangu, naapa kwa..."

"Usiape. Mimi simu nimezima na laini nimeitoa. Siiwashi tena mpaka nifike huko ninakokwenda. Nakupenda, mama, lakini weka chakula hapo chini, uende."

Mke wa mwoka mikate alikuwa akianika nguo hatua chache tu kutoka pale. Alisikia yote, akajifanya anahesabu vibanio. Mama Sare aliinama, akakiweka kibakuli kizingitini. Aliwahi kukemewa na walimu wakuu kwa kuchelewesha sare, na wazazi waliomrushia kaptula usoni. Hakuna lililomshusha kama kufungiwa mlango na mtoto aliyemnyonyesha.

Hakulala vizuri. Palipokucha alikata suruali mbili vibaya, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, akaweka mkasi chini. Bega. Kulalia kushoto. Yeye hakumwambia mtu kwa mdomo. Aliandika. Aliandika kwenye simu.

Saa saba mchana alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali, mkoba kifuani. "Muite huyo fundi wenu wa kompyuta," alimwambia Nesi. "Aitazame. Kama ni mimi, nijue ni mimi."

Fundi alikuwa msichana mwembamba wa miwani mikubwa, anayeongea taratibu kama anayemtoa mtu mwiba. Aliomba simu, akaomba na neno la siri. Mama Sare akalisema kwa sauti ya chini.

"Hili nani mwingine analijua, mama?"

"Watu wa nyumbani tu."

"Watu wa nyumbani ni akina nani?"

Mama Sare aliitazama simu mkononi mwa fundi. Simu hii aliletewa na mkwe wake. Alikuja nayo kwenye boksi, akakaa naye sebuleni, akamwandalia kila kitu, mwenye adabu, mwenye subira. *Mama, tuweke neno gani usilolisahau?* Na yeye, kwa fahari ya kuonyesha kwamba kijana huyu sasa ni mtoto wa nyumba, alimjibu: weka la wenzako, Kobe1954. Mkwe alicheka. Alisema, basi na mimi ni kobe.

Fundi aligusa hapa na pale, kisha akakigeuza kioo upande wao. "Akaunti yako imefunguliwa kwenye simu mbili. Moja ndiyo hii. Ya pili mara ya mwisho imeingia leo asubuhi, saa mbili na dakika kumi. Imekuwemo kwa miezi kumi na moja."

"Itakuwa ile simu yangu ya zamani."

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Iliungua na pasi."

Fundi aliweka kidole kwenye ile saa mbili na dakika kumi.

"Anaona nini?" Nesi aliuliza.

"Anachokiona mama. Namba zote alizohifadhi. Alichokuandikia wewe. Picha akishapiga tu, inapanda kwenye akaunti, na yeye anaikuta huko. Hakuvunja kitu. Ana ufunguo."

Mama Sare alishika ukingo wa meza. Gauni la kijani. Alimpiga Kitinda picha akigeuka, kiuno kikionekana vizuri, apate kuitazama usiku akiwa peke yake. Wote watatu walikuwa wakitafuta msaliti, na msaliti alikuwa kwenye mkoba wake, anamchaji mwenyewe kila jioni. Kikulacho ki nguoni mwako. Na yeye fundi wa nguo asikione.

"Tubadilishe neno sasa hivi," fundi alisema. "Tumtoe."

"Mtoe," Nesi alisema. "Mama, mtoe!"

Lakini Mama Sare alikuwa amekumbuka kitu kingine. "Tiketi."

"Tiketi gani?"

"Ulinitumia juzi. Ya Kitinda. Nije kumuaga." Akaitafuta kwenye simu. Ilikuwa pale, imepigwa picha kwa uangalifu, kila herufi inasomeka: leo, saa tisa alasiri, kiti namba kumi na nne, na jina la mji Kitinda alikopata kazi ya kupokea wageni hotelini. "Na yeye simu amezima. Amezima kwa kuogopa simu."

Nesi alitazama saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika tano.

"Nikimtoa huyu," fundi alisema, sasa naye sauti imepanda, "simu yake itamwambia ametolewa."

"Basi usimtoe," Mama Sare alisema. "Akijua tumejua, atabadili njia. Mwache anione hivyohivyo. Tutambadilishia baadaye."

Kwenye duka la mikate walichelewa kwa dakika chache. Kitinda alikwisha kutoka, na mke wa mwoka mikate hakujua kapita wapi. Wakapanda pikipiki mbili hadi stendi. Nesi alishuka kwenye lango kuu amzuie mdogo wake asipite. Mama Sare akaingia ndani kutazama kama tayari amekwisha kupanda basi.

Basi lilikuwa limewashwa injini. Alimpita kondakta aliyekuwa akibishana na mwenye magunia, akapanda ngazi, akaanza kusoma namba juu ya viti. Nane. Kumi. Kumi na mbili. Kiti namba kumi na nne, cha upande wa njia, kilikuwa kitupu. Namba kumi na tatu, cha dirishani, kilikuwa na mtu aliyefungua gazeti.

"Shikamoo, mama," gazeti likasema. Kisha likashuka.

Alikuwa amenyoa vizuri. Shati limepigwa pasi. Mama Sare akashika mgongo wa kiti.

"Marahaba, mwanangu."

"Umekuja kumsindikiza?"

Angeweza kupiga kelele. Lakini angepiga kelele aseme nini? Huyu ni abiria, ana tiketi, amekaa kwenye kiti chake. Akishuka kimya, huyu naye atashuka amfuate Kitinda hapohapo nje. Na Kitinda yuko wapi? Pengine Nesi ameshamshika. Pengine anapita kwenye geti dogo la nyuma, na begi lake begani, bega la kulia, lile zima.

"Ndiyo," alisema. "Amekwenda kununua maji. Nimemtangulia nimshikie kiti."

Akakaa. Akauweka mkoba magotini na kuubana.

"Afadhali," mkwe alisema, akalikunja gazeti. "Mimi sitaki ugomvi, mama. Nataka tuongee tu, safari nzima. Saa sita za barabarani ni muda mzuri wa kuongea." Akamtazama kwa upole. "Presha vipi? Vile vidonge vipya bado vinakupa kizunguzungu?"

Hilo alikuwa amemwandikia Nesi, Jumapili.

"Vimepungua," alijibu.

"Na yule mwalimu mkuu, amekulipa? Watu wana dhuluma sana."

Aliendelea hivyo, kwa sauti ya mtoto mwema, akimtajia mama wa watu maisha yake mwenyewe kipande baada ya kipande: kikohozi, dobi, ndoto aliyoiota kuhusu marehemu. Hakumgusa. Mama Sare alisikia kama anavuliwa nguo hadharani na mtu anayemuuliza kama haoni baridi. Alitazama mbele tu. Kila aliyepanda ngazi alimpasua moyo, akamrudishia: si yeye. Si yeye. Si yeye.

Mlango ukafungwa. Basi likasogea.

Mkwe aliinua kichwa. Akatazama nje, akatazama njia ya katikati, halafu akamtazama yeye, na upole ukaondoka usoni kama vumbi kwenye kitambaa kilichokung'utwa.

"Yuko wapi?"

Mama Sare aliubana mkoba zaidi.

"Pisha, mama."

Hakusogeza magoti. Alikuwa mnene kiasi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimshukuru Mungu kwa unene. Mkwe alisimama nusu, akapiga kelele gari lisimame. Kondakta akamgeukia. "Kaa chini, bosi! Tukishatoka getini hatusimami mpaka kwenye mizani ya malori."

"Ni mbali?"

"Nusu saa."

Akakaa. Akamshika Mama Sare kifundo cha mkono, chini ya mkoba, pasipoonekana, akaminya. "Mnadhani mmenifungia mlango?" alinong'ona. "Mlango wenu niliutengeneza mimi."

Mama Sare aliogopa. Aliogopa hata akahisi haja ndogo ikimtishia, na akaomba tu asiaibike mbele ya watu. Lakini hakuuvuta mkono. Alivyofikiri, maadamu ameushika huu, hajamshika mwingine. Nusu saa nzima alikaa hivyo, vidole vikimfa ganzi, akitazama nguzo za umeme zikirudi nyuma.

Kwenye mizani mkwe alimruka, akashuka, akapotea kati ya malori. Hapo ndipo kondakta alipofika kudai tiketi.

"Sina."

"Huna? Mama mtu mzima kama wewe unadandia gari?" Akasema kwa nguvu ili basi zima lisikie. "Shuka! Ndiyo maana nchi haiendelei!"

Watu wakacheka. Mama Sare alishuka ngazi moja moja, akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, akatapika.

Kitinda alikuwa salama. Nesi alimdaka getini, akamvuta ndani ya choo cha wanawake, wakajifungia humo mpaka basi lilipokwisha kuondoka. Jioni ile waliketi wote watatu kwa fundi wa kompyuta. Kitinda aliuona mkono wa mama yake, alama nne upande mmoja na moja upande wa pili, akaulaza shavuni bila kusema kitu.

"Sasa," fundi alisema. "Lisiwe jina la mtu, wala mwaka, wala kitu anachokijua mtu wa nyumbani. Chukua maneno manne yasiyojuana. Na kila kufuli na lake."

"Kama viraka," Mama Sare alisema.

"Kama viraka, mama. Na usimwambie mtu. Hata mimi." Akageuza uso ukutani.

Mama Sare aliandika kwa kidole kimoja. Alipofika kwenye kitufe cha mwisho alisita, kwa sababu ya mzee wake. Kisha akabonyeza. Simu ya pili ikatoweka kwenye orodha. Nesi akatoa yake, akaanza kubadilisha na yeye, barua pepe, benki, masomo, akifuta Kobe mmoja baada ya mwingine huku machozi yakimtoka.

Kituoni polisi, askari wa zamu aliuliza kwanza kama kutazama picha za mama mkwe ni kosa. Ilibidi Nesi aweke mezani cheti cha hospitali kuhusu mtulinga, fundi aweke karatasi ya saa na tarehe za ile simu ya pili, na Mama Sare akunje mkono wa blauzi. Mkwe aliitwa, akaandikishwa kwamba hatamkaribia mkewe. Karatasi ni karatasi. Wote walilijua hilo. Baada ya siku tano Kitinda alisafiri, kwa njia nyingine, kwenda mji mwingine. Mama Sare aliomba asiambiwe ni upi. Kila usiku aliupigania moyo wake usiulize.

Jumatatu iliyofuata alirudi kazini. Upande wa pili wa uwazi wa ukuta, katika chumba kilichoungana na duka lake, walikuwapo mafundi wenzake watano, na wakati wa chai aliwasimulia, bila kuficha, hata ile habari ya kutapika. Wakasikitika. Halafu akawaambia wabadilishe maneno yao, na wote wakapata sababu.

"Mimi nina nini cha kuibiwa? Pini?"

"Nitasahau. Kichwa chenyewe hiki!"

"Kwetu sisi hatufichani," alisema mshona mapazia, mwanamke wa vicheko, mama wa mapacha. "Ukimficha mumeo simu, si unajitafutia maneno?"

"Wewe lako ni Pacha," Mama Sare alisema, "na mwaka waliozaliwa."

Kicheko cha mshona mapazia kikakatika. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimebahatisha, na sijamaliza hata chai."

Wengine wakaangua kicheko, wakapigana mabega, lakini vikombe viliwekwa chini na simu zikaanza kutolewa mifukoni. Mama Sare aliwaelekeza habari ya viraka, maneno manne, kila mmoja ageukie ukuta wake. Kwa muda mfupi duka lile lilikuwa na wanawake wazima waliopeana migongo kama watoto wanaocheza kujificha.

Mmoja tu hakugeuka. Alikuwa mdarizi, mtu wa maneno machache, anayevaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Alikaa na simu mapajani, haijawashwa. Wenzake walipomaliza na kutawanyika kwenye mashine zao, alisogea karibu, akajifanya anaazima chaki.

"Mama," alisema, macho kwenye chaki. "Na kama ukilibadilisha, atajua?"

"Atajua."

"Na kama wewe na yeye bado mnalala kitanda kimoja?"

Mama Sare alimtazama vile alivyoishika chaki, kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameubana kwapani. Aliinuka, akafunga mlango wa duka kwa komeo, saa nne ya asubuhi, na wateja wakimwona. Akavuta kigoda akakiweka karibu.

"Simu iache juu ya meza," alisema. "Njoo tukae huku."